Barua ya Mara ya Tatu

Wazee wetu wa pande zote mbili, majirani ambao milango yenu haijafungwa tangu Jumanne, daktari wetu pamoja na wahudumu wa zahanati, wafamasia mliobandika karatasi kwenye milango ya maduka yenu kwamba mtarudi saa nane, walimu, na ninyi mliosimama ukutani kwa kuwa viti vimekwisha, familia inawasalimu kwa heshima iliyo haki yenu, inawashukuru kwa kufika, na inawaomba muisikilize historia ya marehemu kama ilivyoandikwa na mpwa wake anayeisoma, ambaye mjane amemwagiza asiipambe, naye amejitahidi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Maratatu kuliko lile lililoandikwa kwenye cheti chake, alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, saa tisa alasiri, katika nyumba ya pili kutoka bohari ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa baba aliyekuwa karani wa bohari hiyo na mama aliyekuwa mshona magodoro. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye mama wa msomaji huyu na ndiye pekee aliyebaki kati ya wale sita, anasema mdogo wake alizaliwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo, na kwamba uso huo hakuukunjua hadi alipopata kazi ya kusoma maandishi madogo.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971 katika shule iliyokuwa nyuma ya bohari, akamaliza elimu ya msingi mwaka 1977, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1983, na Septemba 1984 akajiunga na chuo cha ufamasia, ambako alihitimu Julai 1987, akiwa wa tisa katika darasa la watu ishirini na wawili, nafasi ambayo hakuwahi kuificha wala kuikuza. Walimu wake wa chuo walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba kila alipopewa chupa alisoma kibandiko chake mara mbili, hata kama ni yeye aliyekibandika.

Tarehe 3 Agosti 1987 aliajiriwa kwenye dirisha la dawa la hospitali kuu, dirisha lenye nondo na kitundu cha chini cha kupitishia chupa, na hapo alifanya kazi kwa miaka tisa na miezi minane. Familia imeombwa na mjane isiuruke mwaka 1991, ingawa si mwaka wa sifa. Mwaka huo mwoka mikate mmoja wa jirani na hospitali alifika dirishani mara saba kununua dawa ya kikohozi, na mara zote saba marehemu alimpa, alimwambia pole, na akamwita anayefuata, na mara ya nane aliyefika alikuwa mke wa mwoka mikate, amekuja kurudisha chupa ambayo haikuwa imefunguliwa, kwa kuwa mwenyewe hakuihitaji tena. Mjane anasema marehemu alimsimulia habari hiyo mara moja tu, wiki moja kabla ya harusi yao, kama mtu anayetaja deni la urithi ili mwenzake asije akalisikia kwa wengine, na alipomaliza alimwambia, "Mikono yake niliiona kila mara, imejaa unga. Uso sikuutazama."

Kutokana na mwoka mikate huyo ndipo ilipozaliwa kanuni iliyompa jina, nayo mnaijua, kwamba anayekuja kwa maradhi yaleyale mara ya kwanza hupewa dawa, mara ya pili hupewa dawa na kuulizwa maswali, na mara ya tatu hapewi dawa hata akilala sakafuni, hupewa barua ya kwenda kwa daktari.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, na mwalimu wa darasa la pili, ambaye alikutana naye kwenye dirisha lilelile, siku mwalimu huyo alipowaleta wanafunzi kumi na mmoja wenye mapunye, wamejipanga kwa kimo, na marehemu akatoka nje ya dirisha lake kwa mara ya kwanza katika miaka minne ili awatazame vichwa mmoja mmoja, akafika mwisho wa mstari ambako mwalimu alikuwa amesimama, akasita, na mwalimu akamwambia, "Mimi sina, asante." Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti aliyezaliwa tarehe 8 Oktoba 1994, ambaye ni mpima ardhi, na wa pili mvulana aliyezaliwa tarehe 21 Februari 1999, ambaye ni fundi wa lifti, na mjukuu mmoja wa kike mwenye umri wa miaka miwili, ambaye tangu juzi anaulizia koti jeupe liko wapi.

Tarehe 3 Juni 1997 marehemu alifungua duka lake la dawa, ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati ya mtaa. Kutoka kizingiti cha duka hadi lango la zahanati ni hatua arobaini na moja, naye alizihesabu mwenyewe siku ya kwanza, kwa sababu alitaka kujua mtu mwenye homa atatembea kiasi gani. Kwenye zahanati kulikuwa na benchi moja refu la mbao, na marehemu alijifunza kulisoma benchi hilo kutoka kaunta yake, kwamba watu wakifika kwenye nguzo ya pili daktari atakula chakula cha mchana saa tisa, na wakipita lango hatakula kabisa. Wengi waliokaa pale, na daktari yupo hapa anaweza kushuhudia, walikuwa na koo linalowasha, sikio la mtoto, kuumwa na mdudu au mkojo unaochoma, maradhi ambayo dawa yake ilikuwa kwenye rafu ya marehemu, hatua arobaini na moja kutoka pale walipokaa, lakini hakuwa na ruhusa ya kuitoa bila karatasi ya daktari, na daktari hakuweza kuiandika karatasi kabla ya kumaliza benchi.

Utaratibu huo ulibadilishwa Jumatatu, tarehe 1 Aprili 2019, pale wafamasia waliopitia mafunzo ya wiki sita walipopewa ruhusa ya kutibu wenyewe maradhi madogo saba. Marehemu, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, alikaa darasani na vijana waliokuwa na umri wa binti yake, akafaulu, akatoa makatoni kwenye stoo ya nyuma, akaweka mlango, sinki, taa ya mezani na viti viwili vya urefu sawa, kwa kuwa alikataa katakata kiti chake kiwe kirefu kuliko cha mgonjwa. Alimwomba mpwa wake, aliyekuwa akijifunza utungaji wa mashairi ya arudhi, amwandikie tangazo la dalili za hatari, na mpwa akamletea beti nne za mizani kumi na sita zenye vina vya kati na vya mwisho, marehemu akazisoma akiwa amesimama, akazikunja vizuri, akasema, "Mjomba, hizi nzuri, lakini mtu anayekohoa damu asianze kutafuta vina." Akaandika mwenyewe mistari mitano kwa kalamu nene, na mistari hiyo ndiyo iliyoko ukutani hadi leo, nao wa nne unasema, Chakula kikikwama kooni, usinunue dawa, nenda kwa daktari.

Katika chumba hicho marehemu alifanya kazi kwa miaka mitano kasoro mwezi na siku kumi. Waliopita pale wanajua alivyokuwa. Fundi bomba aliyefika akidai dawa kali, alipoulizwa kali ipi akajibu ile ya rangi mbili, aliambiwa, "Koo lako halihitaji rangi mbili, linahitaji maji ya chumvi na kunyamaza, na kunyamaza siuzi." Mzee aliyekasirika kwa kunyimwa dawa mara ya tatu, akamwambia mbele ya watu, "Wewe si daktari," alijibiwa kwa upole, "Ndiyo maana nakutuma kwa daktari," na mzee huyo yupo hapa, safu ya tatu, naye ameruhusu asemwe. Kila aliyetibiwa aliandikwa kwenye daftari jeusi, umri, maradhi, mara ya ngapi, na siku ya tatu alipigiwa simu kuulizwa anaendeleaje, na kila Ijumaa saa saba daktari alivuka barabara, wakanywa chai, na daktari akasoma kurasa za wiki. Daktari ameiomba familia iseme kwamba katika miaka hiyo benchi lake lilipungua kwa nusu, kwamba alianza kula mchana kama watu wengine, na kwamba aliyasoma madaftari tisa ya rafiki yake, ukurasa kwa ukurasa, bila kumtazama yeye mwenyewe.

Sasa historia inafika kwenye ugonjwa, na hapa familia inaomba radhi, kwa kuwa sehemu hii haikuandikwa kama ilivyokuwa imekusudiwa. Hadi Jumatano ya wiki hii, yaani juzi, familia ilijua kwamba marehemu aliugua kuanzia tarehe 20 Februari mwaka huu, kwamba siku hiyo daktari alimwita akamchunguza, na kwamba hapakuwa na dalili yoyote kabla. Hivyo ndivyo marehemu mwenyewe alivyowaambia mkewe na watoto, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika nakala ya kwanza ya historia hii. Jumatano saa tisa alasiri alifika nyumbani mtu mmoja, akakataa kuingia, akasimama kizingitini akashika fremu ya mlango, akamwambia mjane, "Mama mwalimu, mimi ndiye niliyekaa kwenye nafasi yake." Mjane alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka chini, akasema, "Nafasi gani?" na baada ya kuambiwa aliichukua tena ile sahani, akaikausha, akaipanga mahali pake, kisha akaomba funguo za duka.

Yanayofuata yameandikwa kwa mkono wa marehemu, na yamesomwa na watu watano. Katika daftari jeusi la tisa, kuna ukurasa wa mtu asiye na jina, mwanamume, miaka hamsini na tisa, kiungulia. Tarehe 11 Agosti 2023, mara ya kwanza, amepewa dawa. Tarehe 4 Septemba, mara ya pili, amepewa dawa, ameulizwa maswali, na majibu yapo, mstari kwa mstari, na moja ya majibu ni kwamba mkate unakwama na anaulowesha kwenye chai. Mjane anakumbuka ile chai. Anasema alidhani ni uzee, akamtania kwamba ameanza kula kama mjukuu wake, naye akacheka. Tarehe 9 Oktoba, mara ya tatu, hakupewa dawa, na mbele ya tarehe hiyo limeandikwa neno moja, Apelekwe. Ndani ya droo, chini ya kisanduku cha glavu, ilikuwamo barua ya kwenda kwa daktari ya tarehe hiyohiyo, imejazwa yote, na kwa kuwa barua zile zina sehemu mbili za kutia sahihi, ya mtoa huduma na ya mgonjwa, ilikuwa na sahihi mbili, zote zake. Hakuisahau kanuni. Aliifuata hadi hapo.

Siku hiyohiyo ya tarehe 9 Oktoba alivuka barabara akaomba miadi, na kwa sababu daktari wa pili wa zahanati alikuwa amehamishwa mwezi uliotangulia, nafasi ya karibu iliyopatikana ilikuwa Alhamisi, tarehe 16 Novemba, saa mbili asubuhi, siku thelathini na nane mbele. Hakumwambia daktari, ambaye walikuwa wakinywa naye chai kila Ijumaa. Dada wa mapokezi alipomuuliza kwa nini asimwambie tu, alijibu kwamba nafasi ya kuombwa juu ya chai ni nafasi ya kuibiwa kwa mtu aliyekaa kwenye benchi, na yeye hakumjengea daktari chumba cha kupunguza foleni ili aje kuiruka foleni hiyo mwenyewe. Akangoja, na siku thelathini na saba kati ya thelathini na nane zikapita.

Jumatano, tarehe 15 Novemba, saa kumi jioni, fundi cherehani wa chumba cha nyuma ya duka la vitabu alifika kutaka dawa ya kuchua mguu. Ilikuwa mara ya tatu. Marehemu alimketisha, akamtazama miguu yote miwili, akapima vigimbi kwa utepe wa fundi mwenyewe aliokuwa ameuvaa shingoni, akakuta mmoja umeuzidi mwenzake kwa upana wa vidole viwili, una joto na umekaza. Hospitali kuu haikuwa ikipokea mguu wa namna ile bila karatasi ya daktari, na daktari hakuwa na nafasi hadi mwezi mwingine. Marehemu alimwambia fundi akae asiusugue mguu, akavuka barabara, akamwambia dada wa mapokezi afute jina lake kwenye saa mbili ya kesho na aandike la fundi. Dada wa mapokezi ameiambia familia kwamba alimuuliza, "Na wewe, mzee?" naye akajibu, "Mimi niko ng'ambo ya barabara tu, nitavuka siku yoyote."

Asubuhi yake fundi alipelekwa kwa daktari, na kabla ya saa nne alikuwa kwenye gari la hospitali, kwa kuwa kwenye mshipa wa mguu wake palikuwa na damu iliyoganda, na waliompokea walisema angekawia siku mbili ingefika kwenye mapafu. Aliliona jina lililofutwa juu ya jina lake alipotia sahihi kitabuni. Aliuliza, akaambiwa, akadhani ni jambo dogo, jino au macho. Marehemu hakuomba tarehe nyingine. Aliendelea kufungua duka saa mbili kasorobo, kuwapigia watu simu siku ya tatu, kunywa chai na daktari Ijumaa, na kulowesha mkate.

Kijana wa marehemu, baada ya kuisoma barua, alisema juzi mbele ya wote kwamba chumba kile kifungwe, kwamba ndicho kilichomla baba yake, na kwamba watu wakitaka dawa ya koo warudi wakae kwenye benchi kama zamani. Daktari, aliyekuwa amesimama karibu na sinki, alisema kwamba kama chumba kile kisingekuwepo, mguu wa fundi usingetazamwa na mtu yeyote hadi Desemba, na kwamba kosa la kutomtazama mfamasia ni lake yeye daktari, alibebe peke yake. Mjane aliwasikiliza wote wawili, kisha akamwambia mwanawe, "Baba yako alikuwa na barua. Alikuwa na miadi. Barabara yenyewe ndiyo hii. Hakuvuka," na baada ya hapo aliuliza kama kuna mtu ameshapeleka kipimo cha mlango kwa ajili ya jeneza, na mazungumzo yakawa ya kipimo cha mlango.

Lakini yule aliyesimama kizingitini hakuwa amemaliza, na aliyoyasema mwishoni aliyasema haraka, kama mtu anayetoa uzi uliobaki mfukoni. Alisema kwamba katikati ya Desemba marehemu alimletea koti lake jeupe alipunguze, naye akalipunguza vidole viwili kila upande. Tarehe 18 Januari alilileta tena, naye akalipunguza tena, akamtania kwamba mama mwalimu amemnyima chakula. Jumanne, tarehe 20 Februari, saa tano asubuhi, marehemu aliingia na koti lilelile mkononi, na fundi akamzungushia utepe kifuani, akautazama, akazitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kimto chake moja moja. Kisha akamwambia, "Hapana. Hii ni mara ya tatu, mzee. Sipunguzi."

Marehemu alicheka akasema, "Koti ndilo limelegea, mama, si mimi."

"Koti halikondi," fundi akasema.

"Nina watu wawili wananingoja pale."

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe uvuke. Tangu Novemba. Nipe funguo."

Alimpa. Fundi, ambaye daktari alikuwa amemkataza kusimama kwa muda mrefu, alikwenda naye hadi dukani, akawaomba radhi wale watu wawili, akafunga mlango, akamshika mkono marehemu kama anavyoshikwa mtu anayevushwa, na wakavuka barabara pamoja, polepole, kwa kuwa wote wawili hawakuwa wazima. Benchi lilikuwa limejaa hadi kwenye nguzo ya pili. Fundi aliita kwa sauti, daktari akatoka mlangoni, na fundi akasema mbele ya benchi zima, "Daktari, huyu ni mara ya tatu." Dada wa mapokezi anasema watu wote waliokuwa kwenye benchi waliinuka bila kuambiwa, wakasogea wakaacha njia, na kwamba Maratatu aliwaomba radhi mmoja mmoja alipokuwa akipita.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 20 Februari. Tarehe 22 alipokelewa hospitali kuu, tarehe 27 alipitishiwa kamera kooni, na tarehe 5 Machi aliambiwa kwamba ana saratani ya umio iliyokwisha kufika kwenye ini. Aliuliza maswali manne, akashukuru, akaandika majibu. Aliwekewa mrija wa kupitishia chakula, akaruhusiwa kurudi nyumbani tarehe 19 Machi, na kwa wiki kumi na moja alikaa kwenye kiti cha dirishani, akimfundisha mjukuu wake kutenganisha vifungo kwa rangi. Alirudishwa wodini Jumatatu, tarehe 3 Juni, kitanda kilicho karibu na bomba, na akafariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini, miezi miwili na siku ishirini na nane. Mkewe alikuwa ameshika mkono wake wa kushoto. Binti alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Kijana alikuwa amekwenda kujaza chupa ya maji ya moto, akarudi akaambiwa, akaendelea kukaza kifuniko, na kifuniko hicho hadi leo hakijafunguka.

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari wa wodi hiyo, ambao walimwambia kweli kila alipoiuliza, inawashukuru wafamasia wenzake waliogawana zamu za kufungua duka lake ili wagonjwa wasirudi kwenye benchi, inawashukuru majirani kwa viti, kwa maji na kwa kutouliza mengi, na inamshukuru daktari wetu, ambaye familia haimdai lolote na inamwomba aendelee kula mchana. Mjane ameagiza itangazwe kwamba chumba cha nyuma kitafunguliwa Jumatatu, tarehe 17 Juni, saa mbili kasorobo, kwamba mfamasia wa mtaa wa pili amekubali kukaa kwenye kile kiti, na kwamba chini ya ile mistari mitano ukutani kijana wa marehemu ameongeza jana, kwa kalamu ileile nene, mstari wa sita, unaosema, Na anayekuhudumia naye ana mara ya tatu.

Mzee wetu, uliyemtazama kila mtu usoni baada ya mwoka mikate, umevuka sasa, usihesabu hatua, tulia huko kwa amani.

Limebaki neno moja, nalo ndilo lililofanya nakala ya kwanza ya historia hii ichanwe. Yule aliyetuambia wa kwanza amekuja nyumbani siku tatu mfululizo, na siku zote tatu amesimama mlangoni kwa mguu ule asioruhusiwa kuusimamia, kwa sababu anaamini kwamba alichukua nafasi ya marehemu. Mjane amenituma nimjibu mbele yenu kwamba nafasi ile alipewa, na aliyempa alikuwa mtu anayesoma kibandiko mara mbili, na kwamba miezi minne tuliyokaa naye, pamoja na wiki kumi na moja za kiti cha dirishani na vifungo, tuliipata kwa sababu kuna mtu mmoja mtaani aliyemzungushia utepe akamtazama. Kiti kilicho wazi hapa mbele, kati ya mjane na binti, hakikuachwa kwa kusahau. Aliyetuambia ni fundi cherehani wa chumba cha nyuma ya duka la vitabu, Mama Pindo.